Mkono kwa Mkono: Usafiri Salama wa Shule kwa Watoto Wenye Ulemavu

Mazungumzo kwa wazazi, walimu, madereva na wasaidizi wa mabasi ya shule, Wadi ya Makongeni



Saa 11 alfajiri Makongeni bado ni giza, lakini nyumba moja ina taa. Ndani yake mama anamwamsha mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Kumvisha sare kunachukua muda, kwa sababu misuli yake asubuhi huwa imekaza. Uji anaunywa kijiko kwa kijiko, asije akapaliwa. Baadaye mama anambeba mgongoni, na kaka mtu anasukuma kiti cha magurudumu kitupu. Wanapita vichochoroni, wanaruka mtaro, hadi mahali basi la shule linaposimama karibu na Barabara ya Jogoo. Basi likichelewa, mama naye anachelewa kazini. Lisipokuja kabisa, kuna bodaboda, au siku hiyo hakuna shule.

Huu ni mfano tu, wala si habari za nyumba fulani. Hata hivyo, mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo anaujua bila kuelezwa. Anajua pia kwamba shule yaweza kuwa nzuri, mwalimu akawa mpole na karo ikawa imelipwa, lakini kama safari haiwezekani, mtoto atabaki nyumbani. Kwa mtoto mwenye ulemavu, safari ni sehemu ya masomo.

Mazungumzo haya yana jambo moja la kusisitiza. Tangu mlango wa nyumba hadi mlango wa darasa, na jioni vivyo hivyo, mtoto awe mkononi mwa mtu mzima anayejulikana. Mkono mmoja usimwachilie kabla mkono mwingine haujampokea. Mengine yote, mikanda, rangi ya basi, vidhibiti mwendo, yanasaidia jambo hilo moja.

Mtoto wa Makongeni anasafiri umbali gani?

Makongeni iko kati ya Barabara ya Jogoo na reli, na nyumba zake za zamani zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Majirani zake ni Kaloleni, Mbotela, Maringo na Jericho. Mtoto asiye na ulemavu anaweza kwenda shule ya jirani kwa miguu pamoja na wenzake. Mtoto mwenye ulemavu mara nyingi hana bahati hiyo, kwa sababu shule au kitengo kinachomfaa huenda kiko upande mwingine wa jiji.

Shule ya Msingi ya City, upande wa Ngara, ina kitengo cha watoto wenye usonji. Kufika huko kutoka Makongeni ni kufuata Jogoo, kupita mzunguko wa City Stadium, kuingia Landhies na kupita Muthurwa wakati magari, mikokoteni na watembea kwa miguu wanagombania nafasi. Shule Maalum ya Jacaranda, inayofunza watoto wenye ulemavu wa akili, iko magharibi mwa jiji. Joytown, inayojulikana kwa kufunza watoto wenye ulemavu wa viungo, iko Thika. Ndiyo maana wazazi wengine huona afadhali mtoto alale shuleni akiwa bado mdogo. Wengine hilo linawafaa. Lakini mzazi asilazimike kumpeleka mtoto wa miaka 6 bweni kwa sababu tu hakuna gari la kumrudisha jioni.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 918,270 wenye ulemavu nchini Kenya, wa umri wa miaka 5 na zaidi. Hiyo ni asilimia 2.2 ya watu wa umri huo. Waliokuwa na shida ya kutembea ndio waliokuwa wengi zaidi. Kwa watu hao, ngazi tatu za kupandia matatu ni kama ukuta.

Sheria inasema nini?

Kuna wazazi wanaoomba nafasi ya basi kana kwamba wanaomba sadaka. Si sadaka. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, kufika katika shule zinazomjumuisha na jamii, na kufikia kwa njia ifaayo mahali pote, usafiri wa umma na habari.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwataka wenye magari ya abiria wayarekebishe ili yawafae watu hao. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao nao unataja usafiri. Mwaka 2025 ikapatikana sheria mpya ya watu wenye ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003.

Kuhusu barabara, wengi wanakumbuka kanuni za Michuki, zilizotangazwa 2003 na kuanza kufanya kazi Februari 2004. Kanuni hizo zilileta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo katika magari ya abiria. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya 2017 yakataka magari ya wanafunzi yapakwe rangi ya manjano na yawe na mikanda ya watoto. Mwendo karibu na shule usizidi kilomita 50 kwa saa.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Marekani, kwa sheria ya 1975 ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ilihesabu usafiri kuwa miongoni mwa huduma anazostahili mwanafunzi huyo, sawa na tiba ya viungo au ya usemi. Shule haikuruhusiwa tena kusema, “Nafasi ipo, lakini kufika ni shauri lako.”

Ndani ya basi

Hebu madereva wapige hesabu hii. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, linapita karibu mita 14 kila sekunde. Likigonga kitu na kusimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 20 anarushwa mbele kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 280 hivi. Hakuna mama wala msaidizi anayeweza kuzuia mzigo huo kwa mikono. Kumpakata mtoto ni upendo, lakini wakati wa ajali hakumkingi. Kinachomkinga ni mkanda.

Mtoto anayeweza kuhamishwa kutoka kiti cha magurudumu hadi kiti cha basi bila kuumia, ahamishwe na afungwe mkanda hapo. Kiti chake kitupu nacho kifungwe, kwa maana kiti kisichofungwa kikiruka kitawaumiza wengine. Asiyeweza kuketi wima kwenye kiti cha basi apate kiti cha kumshikilia kiwiliwili, na kiti hicho kifungwe kwenye gari.

Mtoto anayesafiri akiwa ndani ya kiti chake cha magurudumu anahitaji mambo manne.

Kwanza, kiti kielekee mbele, upande unaokwenda gari. Kuelekea ubavuni ni hatari sana, kwa sababu gari likigonga, kiti hupinduka na mwili hujipinda.

Pili, kiti kifungwe sakafuni kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma. Mikanda hiyo ishike fremu ngumu ya chuma. Isishike magurudumu, wala mahali pa kuwekea miguu, wala sehemu yoyote inayochomoka. Breki za kiti peke yake hazitoshi. Kamba ya katani au mpira wa kufungia mizigo hautoshi pia.

Tatu, mtoto mwenyewe afungwe mkanda wake, mbali na ule wa kiti. Mkanda upite chini kwenye nyonga, usipite tumboni, na mwingine upite begani na kifuani. Ule mkanda mdogo uliokuja na kiti ni wa kumsaidia kukaa wima. Haukutengenezwa kwa ajali.

Nne, meza ya kiti, begi na chupa viondolewe na vifungwe mahali pake. Kiti cha umeme kizimwe kabla gari halijaondoka.

Kupanda na kushuka kuna hatari zake. Ubao wa mteremko au lifti ndiyo njia bora. Pasipo na hiyo, watu wazima wawili wamnyanyue mtoto, wakimshika kiwiliwili na mapaja. Mtoto asivutwe kwa mikono, kwa maana bega la mtoto mwenye misuli dhaifu huteguka upesi. Na kabla ya kumgusa, aambiwe: “Sasa tunakuinua.” Hata asiyesema anasikia, na heshima haimhitaji mtoto aweze kujibu.

Kila mtoto na mahitaji yake

Ulemavu hauna sura moja, na msaidizi wa basi hawezi kubahatisha.

Mtoto kiziwi hasikii honi wala onyo la nyuma yake. Asiachwe avuke barabara mbele ya basi peke yake. Msaidizi ajifunze angalau ishara za simama, ngoja, njoo, kaa, maji, choo, unaumwa wapi. Ni kazi ya siku chache, na itamsaidia mtoto miaka mingi.

Mtoto asiyeona asisukumwe kutoka nyuma. Anyoshewe kiwiko akishike, kisha aelezwe: ngazi iko mbele, ziko tatu, kiti chako kiko kushoto. Akipewa kiti kile kile kila siku, baada ya juma moja atakifikia mwenyewe.

Mtoto mwenye usonji huishi kwa utaratibu. Akizoea kiti, njia na sura ya msaidizi, anatulia. Dereva akibadilishwa ghafla au muziki ukafunguliwa kwa sauti kubwa, anaweza kupiga kelele, kufungua mkanda au kukimbia mlango ukifunguka. Hiyo si tabia mbaya. Ni hofu, na dawa yake ni kumwarifu mapema. Mzazi aambiwe kukiwa na mabadiliko, mtoto aonyeshwe picha ya dereva mgeni, na muziki uzimwe.

Mtoto mwenye kifafa akishikwa njiani, gari lisimame mahali salama. Alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, na saa iangaliwe. Asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, wala asishikiliwe kwa nguvu. Kifafa kikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja.

Mtoto asiyehisi miguuni au makalioni anaweza kupata vidonda kwa kukaa muda mrefu bila kugeuzwa. Foleni ya saa 2 ni jambo la kawaida Nairobi, na kwa mtoto huyu ni hatari. Shule iangalie njia ya basi, ili mtoto huyu asiwe wa kwanza kupakiwa asubuhi na wa mwisho kushushwa jioni kwa sababu tu hawezi kulalamika.

Mahali mtoto anapopotea

Watoto hawapotei pale ambapo watu wote wanaangalia. Hupotea katikati, pale dereva anapodhani mwalimu amempokea, mwalimu anadhani mtoto hakuja leo, na mama anadhani yuko darasani. Mtoto aliyesinzia kiti cha nyuma, asiyeweza kuita, anaweza kufungiwa ndani ya basi lililoegeshwa juani. Anayeshushwa kwenye steji bila mtu wa kumpokea anaweza kufuata umati hadi mbali.

Kuzuia hayo hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji daftari na desturi.

Daftari liwe na jina la kila mtoto, mahali pa kumchukua, simu mbili za nyumbani, ulemavu wake, dawa zake, na majina ya watu wanaoruhusiwa kumpokea. Msaidizi aweke alama mtoto akipanda na akishuka. Shuleni, mwalimu wa zamu atie sahihi idadi aliyopokea. Ikiwa waliopanda ni 14, washuke 14.

Mwisho wa kila safari, dereva azime gari, atembee hadi kiti cha mwisho, aangalie chini ya viti, ndipo afunge mlango. Afanye hivyo kila safari, hata akiwa na hakika kwamba basi ni tupu.

Jioni, asipokuwepo mtu wa kumpokea mtoto, mtoto asiachwe kwa muuza mboga wala kwa “jirani anayemjua”. Msaidizi apige simu, na asipopata jibu, mtoto arudi na basi hadi mzazi apatikane. Ni usumbufu, naam. Lakini dereva atakayesumbuka jioni moja hatasumbuka moyoni maisha yake yote.

Kuna jambo jingine, ambalo halizungumzwi sana kwa sababu linaona haya. Mtoto asiyeweza kusema ni windo rahisi la mtu mbaya. Kwa hiyo mtoto asibaki peke yake ndani ya gari na mtu mzima mmoja ikiwezekana kuwa na wawili. Dereva na msaidizi wachunguzwe kabla ya kuajiriwa, na wazazi wawajue kwa majina na sura. Mtoto akianza ghafla kulia akiona basi, au akirudi na alama mwilini, mzazi asimkemee. Aulize, atazame, aripoti. Nambari ya kusaidia watoto ni 116, na kupiga ni bure.

Pasipo na basi

Si kila shule ina basi, na si kila basi linafika Makongeni. Wengi hutegemea bodaboda. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki. Mama na mtoto nyuma ya mwendeshaji tayari wamezidi, na mtoto asiyeweza kushika vizuri hana kinachomzuia asianguke.

Njia iliyo afadhali ni wazazi wa upande mmoja kuungana. Familia nne zinazopeleka watoto upande mmoja zinaweza kukodi gari moja dogo kwa mwezi, zikaandika makubaliano na dereva, zikahakikisha gari lina bima, ukaguzi na mikanda, na zikapeana zamu, mzazi mmoja asafiri nao kila siku. Gharama inagawanyika, na macho yanaongezeka.

Nani afanye nini?

Mzazi ampeleke mtoto akapimwe katika Kituo cha Upimaji na Rasilimali za Elimu, kinachojulikana kwa ufupi kama EARC. Vituo hivi vilianza Kenya mwaka 1984, na ndivyo vinavyoshauri mtoto anafaa shule gani. Aulize pia kama kuna shule ya karibu inayoweza kumpokea, kwa maana safari iliyo salama zaidi ni ile fupi. Amsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Na aieleze shule ukweli wote. Mzazi anayeficha kifafa cha mtoto kwa aibu anamwacha msaidizi wa basi gizani.

Shule ihesabu usafiri kuwa sehemu ya mpango wa mtoto, imfunze dereva na msaidizi, na ifanye zoezi la kutoka ndani ya basi kwa dharura angalau mara moja kila muhula. Zoezi hilo litaonyesha mapema ni nani atambeba nani moshi ukitokea.

Kwa upande wa serikali, Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Elimu ya msingi ni ya serikali ya taifa. Kaunti ina shule za chekechea, barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa kaunti. Kwa hiyo mtaro usio na kifuniko, njia ya miguu iliyogeuzwa soko na steji isiyo na mahali pa kupitishia kiti cha magurudumu ni mambo ya kupeleka mbele ya kaunti.

Mlango wa kupitia upo. Kila mwaka kaunti hutayarisha mpango wa maendeleo kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti hufika katika Bunge la Kaunti kabla ya Aprili 30. Katikati kuna vikao vya wananchi kutoa maoni. Mama anayeruka mtaro na mtoto mgongoni ndiye anayejua mtaro upi uanze kufunikwa. Aende akautaje, ataje na mahali ulipo, na wenzake waandike majina yao chini ya ombi hilo.

Mwisho

Turudi kwa yule mtoto wa alfajiri. Hakuna sheria mpya inayohitajika ili kesho afike salama zaidi. Mama amkabidhi kwa msaidizi kwa jina. Msaidizi aweke alama daftarini. Mikanda minne ishike kiti, na mwingine umshike yeye. Dereva apunguze mwendo. Mwalimu ampokee langoni na atie sahihi. Jioni, dereva atembee hadi kiti cha mwisho.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Basi mikono ya Makongeni iwe mingi, na mtoto asiachwe katikati yake.